Mkata Vitambaa Aliyesalimia kwa Miezi Kumi na Minne

Ndugu, majirani na marafiki mliofika, anayesoma ni mdogo wake marehemu, na familia inaomba radhi mapema, kwa kuwa historia hii siyo ile tuliyokusudia kuandika.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kengele, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi saa na mama muuguzi, na jina hilo alipewa na majirani kabla hajafika umri wa kwenda shule, kwa sababu sauti yake ilifika mwisho wa mtaa kabla ya miguu yake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akaendelea na sekondari hadi 1988, kisha akasomea ushonaji kwa miaka miwili, ambako mwalimu wake alimwambia mama kwamba binti huyu ana mkono wa dhahabu na mdomo usio na breki.

Tarehe 2 Mei 1991 aliajiriwa katika kiwanda cha sare za shule na hospitali, akiwa mkata vitambaa, na katika meza ileile alisimama miaka thelathini na mitatu kasoro siku kumi na tatu. Tarehe 16 Desemba 1995 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa binti tarehe 8 Agosti 1997, na mtoto wa kiume tarehe 21 Januari 2001.

Hadi hapo tulikuwa tunajua wenyewe. Mengine tumeyajua juzi, tarehe 10 Oktoba, tulipofungua kabati lake kutafuta cheti cha kuzaliwa ili tarehe za historia hii zisikosewe, tukakuta chini ya shuka daftari gumu na bahasha yenye muhuri wa baraza la usuluhishi wa migogoro ya kazi, na shemeji akaketi sakafuni palepale akaanza kusoma.

Tulichosoma ni kwamba tarehe 6 Februari 2023 dada aliandika barua kwa mkaguzi wa kazi, kueleza kwamba mlango wa dharura wa chumba cha ukataji, chenye watu ishirini na saba na marobota ya vitambaa hadi darini, ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli, na kwamba alikwisha kumwambia msimamizi mara tatu akajibiwa apunguze domo. Mkaguzi alifika tarehe 9, kesho yake mnyororo ukaondolewa, na wenzake ishirini na sita mpaka leo wanapita mlango ulio wazi.

Tarehe 13 Februari, daftari linasema, kabla dada hajaingia, msimamizi aliwakusanya wenzake akawaambia kwamba atakayemsalimia Kengele au kuitikia salamu yake, atafukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Nao wakatii. Jamani, wakatii, na huyu ndiye dada ambaye alikuwa hawezi kupita mlango wa mtu bila kuuliza hali ya mgonjwa, ya mtoto na ya goti linalouma. Meza yake ikageuzwa kutazama ukuta wa vyoo, naye kila asubuhi akaingia na kusalimia kama kawaida, kisha akaandika, na daftari lina mistari mia mbili themanini na saba, ukiwemo huu wa tarehe 4 Mei: "Saa moja na dakika hamsini. Nimesema habari za asubuhi, jamani. Watu ishirini na sita. Hakuna aliyeitikia. Shoga yangu wa meza ya vifungo amekohoa. Nimeihesabu kuwa salamu."

Shoga huyo wa vifungo ndiye aliyemsimamia siku ya harusi yake.

Na sisi nyumbani tulikuwa wapi? Tulikuwa tunacheka. Jioni dada alikuwa akisimama getini saa nzima akisalimia kila apitaye, muuza mkaa, wanafunzi, hata mbwa wa jirani, chakula kikapoa mezani, na mdogo wake huyu anayesoma ndiye aliyekuwa akipiga kelele kutoka ndani kwamba ulimi wa Kengele leo umetiwa mafuta, bila kujua kwamba dada alikuwa ametoka kushinda kazini saa tisa nzima asijibiwe na mtu. Aibu hiyo ni yetu, na tunaisema mbele yake.

Alikwenda peke yake kwa mwanasheria wa msaada wa kisheria, naye akamweleza kwamba kumtesa mfanyakazi kwa sababu ametoa malalamiko ni kosa, kwamba aandike kila tukio kwa tarehe, saa na waliokuwepo, apeleke malalamiko kwa uongozi na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri, na kwamba asiondoke kwa hasira bila kuandika sababu, kwa kuwa anayeondoka baada ya kazi kufanywa isivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa amefukuzwa.

Yote aliyafanya. Aliacha kazi tarehe 19 Aprili 2024, sisi akatuambia amechoka kusimama, na tarehe 22 akafungua shauri. Usuluhishi ulishindikana tarehe 11 Juni, baada ya kiwanda kujibu kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuitikia salamu, na kwamba amri hiyo haikutolewa kamwe.

Tarehe 5 Oktoba alianguka jikoni kwa shinikizo la damu, na tarehe 9, saa nne asubuhi, akafariki hospitalini akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, inamshukuru mwanasheria, na inawashukuru majirani mliomwitikia kila jioni. Palikuwa pia na sentensi ya kuwashukuru wafanyakazi wenzake kwa ushirikiano, lakini shemeji ameikata kwa kalamu. Juzi shoga wa vifungo alikuja nyumbani akalia, akasema, "Shemeji, niliogopa, nina watoto," naye shemeji akamjibu, "Hata yeye alikuwa nao."

Shauri halikufa. Mwanasheria anasema warithi wanaruhusiwa kuliendeleza, litasikilizwa tarehe 24 Oktoba, saa tatu asubuhi, chumba namba sita, na kwamba mwajiri haruhusiwi kumwadhibu mtu kwa kutoa ushahidi. Daftari tunalo, shahidi hatuna. Ninyi wenzake wa chumba cha ukataji, mmekuja wote ishirini na sita, tumewahesabu, na maua yenu tumeyapokea, ila tunamwomba mmoja wenu, mmoja tu, aje aseme kwamba alikatazwa.

Dada, pumzika kwa amani, tarehe hiyo tutakwenda sisi.