Mgeni Aliyejitanda

Benchi la Mariamo, ambaye mtaani huitwa Mama Zuleica, hapa Palma, Msumbiji, ni ubao juu ya matofali mawili ya saruji. Asubuhi yeye huteleka birika la kahawa kwenye mkaa, akaweka sinia la vitumbua, na wateja wake huja. Latifo, aitwaye Doutor, aliwahi kufagia hospitali akatoka na maneno ya madaktari. Aiuba ni Antena, maana habari humfikia kabla haijatokea. Ijumaa hiyo alikuwapo pia Nasrin, binti wa dada yake Mariamo. Familia yake ilikimbilia Mtwara wakati wa vita, akabaki kusoma huko. Alikuja likizo na kazi ya fasihi, akawasomea:

"Jogoo la pili, mgeni akatoka mlango wa uani, kajitanda mpaka puani. Mwenye nyumba akamsindikiza, akarudi akilia."

— Sasa swali, Nasrin akasema. Je, mama huyu alikuwa mwaminifu kwa mumewe aliye safarini? Thibitisha kwa mifano kutoka kwenye hadithi.

— Hilo nalo swali? akasema Antena. Mgeni, alfajiri, mlango wa uani. Dalili ya mvua mawingu. Andika hawara.

— Mjomba, mwalimu anataka sentensi iliyoandikwa.

— Kilio ndiyo prova, ushahidi wenyewe, akasema Doutor. Mwanamke halii bure. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu hakupona, basi ana mimba.

— Mimba imeandikwa wapi, mjomba?

— Mambo mengine hayaandikwi, mwanangu. Yanajulikana.

— Mimi nasema ni mtu wa kampuni ya gesi, akasema Antena. Alikuja kukipima kiwanja kwa siri. Mama kauza kiwanja cha mumewe, ndiyo analia.

— Au jini, akasema Doutor. Jini hapendi kuonekana uso.

— Jini wa kazi gani apite mlangoni? Haba na haba hujaza kibaba, Doutor. Weka neno juu ya neno, utapata mwanamume. Kwani hatuna hadithi hii hii mtaani? Si Siwema?

Mariamo akachochea mkaa usiohitaji kuchochewa. Mwezi huu huu, akifungua dirisha kabla ya sala ya alfajiri, alimwona mtu akitoka uani kwa jirani yake Siwema. Akalisema hapa benchini, kama mtu anavyosema mvua imenyesha. Shaibu, mume wa Siwema, anapika kwenye kambi ya gesi ya Afungi, na neno likamfikia huko. Alipokuja likizo alifikia kwa kaka yake, nyumbani kwake hajakanyaga. Na leo, baada ya sala ya Ijumaa, anakwenda kwa shehe kutoa talaka.

— Lisemwalo lipo, akasema Antena.

Siwema alikuwa amesimama nyuma yake na chupa ya chai.

— Asalaam alaikum. Nijazie kahawa, Mama Zuleica.

Wakaitikia kwa chini. Nasrin peke yake ndiye aliyefurahi kupata mtu mpya.

— Mama, nisaidie wewe. Hawa wanasema mgeni ni mwanamume.

— Soma nisikie.

Nasrin akasoma. Siwema akasikiliza hadi mwisho.

— Mwanamume hujitanda?

Antena akatazama ndani ya kikombe chake. Doutor akaanza "Kwa Kireno," akaishia hapo. Wanaume hujifunika. Anayejitanda ni mwanamke na kanga yake, hata mtoto anajua.

— Lilikuwa hapo hapo, akasema Nasrin, akilipigia neno mstari.

— Na mgeni wa kwangu, Mama Zuleica? Siwema akauliza, bila kupandisha sauti. Ulisema katokaje?

Mariamo alikumbuka vizuri. Katoka kwa Siwema mgeni, kajitanda mpaka puani. Ndivyo alivyosema. Neno mwanamume lilitoka kwa Antena, na mwanajeshi kwa Doutor. Yeye aliyejua alichokiona alicheka, akawaongeza kahawa.

— Kajitanda, akasema.

— Nimemwapia Shaibu mpaka nimechoka. Ananijibu, shahidi ni Mariamo.

— Kumbe alikuwa nani? Antena akauliza.

— Anayetaka kujua angekuja kuniuliza. Nyumba yangu ni ile pale.

Akachukua chupa yake, haijatiwa kitu, akaenda zake.

Nasrin alitazama kitabu, akamtazama mama yake mdogo, akafunga kitabu.

— Basi tumiminie kidogo, Mama Zuleica, akasema Doutor.

— Imekwisha.

Birika alilolitegua lilikuwa zito mkononi. Wote waliliona hivyo. Mariamo akachukua kanga yake, akajitanda mpaka puani, akashika njia ya nyumbani kwa kaka wa Shaibu, amuwahi kabla ya sala ya Ijumaa. Jua lilikuwa limekwisha panda. Ungemwangalia kwa nyuma usingejua ni nani.