Mama Mektrida na Swali la Mgando

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mganga Mkuu wa hospitali yetu, Baba Mchungaji, wazee wetu mlioshuka kutoka Machame, shikamooni. Wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa:

Mama Mektrida, mtaalamu wetu wa maabara anayestaafu leo, amenionya nisimsifu mno. Nimemtii miaka kumi na tisa, leo sitamtii.

Mwaka 1993 aliletwa hapa Mwalimu Victoria, ana homa ya miezi miwili, kichwa kinamuuma, miguu haimbebi. Mimi, Daktari Nikunj, nikampima maji ya uti wa mgongo, nikayakuta machafu, nikaandika kifua kikuu cha ubongo. Nilimwuliza kama anakunywa maziwa mabichi. Akasema hapana, nikaridhika.

Mama Mektrida hakuridhika. Alikwenda wodini, akauliza kwa upole, "Na mgando, mwalimu?"

"Huo nakunywa kila siku, mama. Ni wa ng'ombe wetu."

Jamani, mtoto wa mjini kama mimi ningejuaje kwamba kule mlimani mgando hauitwi maziwa mabichi? Lakini haukuwa umechemshwa, na ng'ombe yule alikuwa ametupa mimba mara mbili.

Nilikuwa nimeagiza chupa ya kuoteshea vijidudu kutoka kwenye maji yale itupwe baada ya siku saba. Mama akaniambia, "Daktari, hii siitupi." Siku ya kumi na saba vikaota: bruselosi, ugonjwa unaowatupisha ng'ombe mimba na kumwingia mtu kwa maziwa yasiyochemshwa, umefika hadi kwenye ubongo, jambo la nadra sana. Tukabadilisha dawa.

Mwezi wa tatu wa matibabu Victoria akaanza kutembea, na mumewe, Basili, akaja kumchukua. Aliogopa mkewe achomwe tena sindano ya mgongo ya kupima maji. Kwao walisema mtu akichotwa maji ya mgongo hubaki kilema. Mama akamkalisha kwenye hadubini. "Angalia, baba. Chembe za ugonjwa hizo. Miguu imepona, maji bado." Basili akamwacha mkewe aendelee na matibabu. Ilichukua miezi minane na sindano nne za mgongo mpaka maji yakawa safi, na leo Mwalimu Victoria ameketi pale, amekuja kwa miguu yake.

Ndugu zangu, nilialikwa Dar es Salaam kueleza habari za mgonjwa huyu. Ukumbi mzima ulinipigia makofi, nami sikulitaja jina la Mama Mektrida. Nimeona aibu miaka minane. Mama, nisamehe.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa simameni, tumpe mwenyewe makofi yake.