Fomu Mfukoni mwa Spana

Alisema anakunywa kimoja tu, na sasa Spana, fundi magari, alikuwa amefika kikombe cha nne cha kahawa kwenye benchi la mbele ya kibanda cha Kisigino, mshona viatu. Mfukoni mwa shati alikuwa na fomu ya mkewe ya kuomba ukuu wa mitambo katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Mama wa watu yuko zamu, hawezi kutoka, kwa hiyo amemtuma mume. Ofisi ya kupokelea iko ng'ambo ya barabara, inafungwa saa sita. Spana, ambaye kwa maneno yake mwenyewe aliwahi kunyanyua injini peke yake, leo karatasi moja ilikuwa imemshinda.

— Ipeleke, bwana, — alisema Kisigino, misumari midomoni. — Miaka yote anapaka vitabu gundi, na mtambo anaujua kuliko aliyeuunda.

— Kwenye gundi walimweka kwa muda tu. Alipojifungua wa kwanza.

— Huyo wa kwanza si ananyoa ndevu?

— Ananyoa.

Waziri, ambaye wizara yake ni hilo benchi, akakohoa.

— Sikilizeni sayansi. Mwanamke akishazaa, mikono inazoea vitu laini. Mpe chuma, atakibembeleza.

— Wacha wee!

— Nimeona kwa macho haya! Mmoja aliuimbia mtambo, ukalala wiki nzima.

Kisigino alicheka hadi akatema msumari. Spana hakucheka. Alfajiri mkewe alimpa fomu akasema, "Ukipata nafasi," kwa sauti ya mtu aliyechoka kuomba.

— Akiwa mkuu, atachelewa kutoka, — Spana alisema taratibu. — Jioni nani atapika?

— Hapo sasa! — Waziri akapiga paja.

Dada mmoja alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni, kiatu kilichokatika ukanda mkononi. Hakuwa na hasira, usingizi tu ulimjaa machoni.

— Samahanini, shemeji zangu. Ninyi mlipopata mtoto wa kwanza, kazini mlihamishiwa wapi?

Kisigino akakikodolea macho kiatu. Waziri akainamisha birika. Likatoa tone moja na machicha. Spana alikumbuka siku ile: bosi alimpandisha cheo kwa kuwa sasa ni baba, akamkabidhi seti mpya ya spana, wenzake wakapiga makofi. Jina alilipata hapo.

Akainuka, goti likalia. Zilibaki dakika tano.

— Na jioni je? — Waziri alimpigia kelele.

— Nina mikono, — alijibu, keshafika katikati ya barabara.

Ile injini, kusema kweli, waliinyanyua watu watano.