Kiunzi Kilichokubali Kuanguka

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe na walioketi mbele, asifiwe na nyinyi wa pale mlangoni mnaoomba nimalize upesi! Naitwa Nafula, nakaa Baba Dogo, na kazi yangu ni mbio za mita mia moja kuruka viunzi. Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa katika hofu iliyonifunga miguu. Nitaeleza kwa mpangilio, maana mimi nikipatwa na jambo lazima nijue limeanzia wapi.

Ndugu zangu, kiwanja chetu cha mazoezi hakina viunzi vya kiwandani. Kocha wangu, Barasa, alimwendea fundi wa kuchomelea vyuma hapa mtaani, akamchorea kiunzi kwenye vumbi. Fundi huyu hutengeneza mageti, na geti lake halitikisiki. Alipoona kiunzi kina miguu upande mmoja tu, alikihurumia.

"Kocha, hii italala ikiguswa," alisema. Akaongeza miguu upande wa pili.

Siku ya kuvileta alikisukuma kimoja kwa bega mbele yetu. "Hii hata lori ligonge, itabaki wima!" Tukampigia makofi. Kocha, ambaye enzi zake alikimbia masafa marefu, alifurahi kwamba hatutapoteza muda kuinua viunzi vilivyoanguka.

Juu ya vyuma hivyo nilijifunza kuruka. Niliruka juu mno, kama mtu anayevuka mtaro wa maji taka akiwa na nguo za Jumapili. Hata katika mashindano, kwenye viunzi halisi, sikugusa hata kimoja, wala sikutazama vya wenzangu. Kati ya kiunzi na kiunzi nilikuwa na kasi, nayo ikanitosha kuchaguliwa kwenda mashindano ya kimataifa. Haleluya! Mtaa wote ulisherehekea.

Kisha, wiki chache kabla ya safari, nilichelewa kuinua goti mazoezini. Chuma kilinipiga, nikaanguka kifudifudi. Kiunzi hakikusogea hata kidogo.

Jeraha lilipona. Daktari aliniruhusu kukimbia. Lakini, ndugu zangu, kila nilipokikaribia kiunzi cha kwanza, miguu ilisimama yenyewe! Vijana wanaokaa ukutani kando ya kiwanja wakapata kichekesho. "Niaje, bingwa! Leo unaruka ama unakisalimia tu?" Majirani walisema nimerogwa. Kocha alinivuta kando akasema, "Nafula, ukisimama hivi mbele ya dunia nzima, hawatakuchagua tena. Niwaambie wampe mwingine nafasi?"

Nilimsihi aniache nisafiri. Nilifunga, nikaomba, "Bwana, niondolee hofu." Hofu haikuondoka. Tulifika ugenini nikiwa bado nasimama mbele ya kila kiunzi.

Siku moja kabla ya mbio nilimpigia simu Mama Ayub, mnayemjua, kiongozi wetu wa maombi. Nilitarajia akemee pepo. Badala yake aliniuliza, "Mwanangu, unaogopa nini hasa?"

"Viunzi, Mama."

"Kiunzi ni kirefu hicho. Unaogopa sehemu gani? Mwambie Mungu panapouma."

Swali hilo halikuniacha. Asubuhi, kwenye uwanja wa kupashia misuli moto, niliamua kujichunguza kama ninayemchunguza mtu mwingine. Nilikimbilia kiunzi, nikasimama kama kawaida, nikajiuliza: macho yangu yako wapi? Hayakuwa kwenye ubao wa juu. Yalikuwa chini, kwenye miguu ya kiunzi!

Nikasema, "Bwana, hapa ndipo panapouma. Naogopa kitu kisichosogea."

Nikapiga magoti. Nikaitazama ile miguu vizuri, kwa mara ya kwanza maishani. Yote ilielekea upande ninaotokea mimi. Upande wa pili hapakuwa na kitu.

"Nafula!" kocha aliita. "Umeangusha heleni?"

Nilinyoosha mkono nikausukuma ubao. Ndugu zangu, kiunzi kilianguka! Kilianguka kama kiti cha plastiki! Mwanariadha wa nchi nyingine alicheka, akakiinua, akakiangusha tena kwa goti lake ili nione. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, nikajua nimejibiwa. Nilikuwa nikiomba niondolewe hofu. Mungu alinionyesha kilichokuwa ndani ya hofu hiyo. Kocha alikuja akakisukuma yeye mwenyewe, kikalala. "Kumbe ni vile vyuma vyetu vilivyokutia hofu," alisema. "Haya, nenda ukavigonge."

Mlio wa kuanza ulipolia, sikuwa nimeganda kwa hofu wala sikuwa jasiri. Nilikuwa na hamu ya kujua itakuwaje. Kiunzi cha kwanza nilikipita chini chini, hata nikahisi upepo wake pajani. Cha pili nilikigonga! Kikalala, nami nikaendelea. Mwili wangu wote ukaelewa. Hosana! Nilikimbia kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Sikufuzu kuingia raundi iliyofuata. Walinitangulia wenye kasi kuliko mimi. Lakini nilivuka mstari nikiwa na muda bora kuliko wote niliowahi kupata, na kocha wa timu ya taifa akaniambia nirudi kambini mwakani. Wengine huniuliza, "Sasa ushuhuda uko wapi kama hukuleta medali?" Uko hapa: miguu iliyokataa ilikwenda!

Namshukuru Mungu asiyechoka kuulizwa. Huenda wewe unayenisikiliza umesimama mbele ya jambo lako, unaomba, na miguu haiendi. Mwamini. Mwambie panapouma hasa, kisha upige magoti ukatazame, naye atakuwa hapo chini pamoja nawe. Ukiogopa kutazama peke yako, nitakungoja hapa mbele baada ya ibada. Nitapiga magoti kando yako. Utukufu ni wake!