Maji ya Kwanza ni ya Waliochimba Mfereji

Mgeni rasmi, viongozi mlioketi mezani, wazazi na majirani,

Karibu kijijini kwetu. Kiti ulichokalia kimetoka sebuleni kwa fundi cherehani anayekusomea risala hii, kwa hiyo kikilia ukijisogeza, usishtuke. Humlilia kila mgeni. Mwenyekiti wetu ametuagiza tuwe wafupi. Tumekata kweli, lakini kuna mahali mkasi ulikataa, napo ni pa bibi aliyeketi mstari wa mbele na kopo la bati mapajani. Sote twamwita Bibi wa Bomba.

HISTORIA

Zamani maji yetu yalikuwa kule juu mlimani, na sisi tulikuwa huku chini. Vijana wakaamua kuyaleta. Walichimba mfereji kwa majembe ya kuazima huku wakitaniana. Mmoja wao walimwita Kijiko, kwa kuwa alichimba kidogo kidogo lakini hakupumzika. Alikuwa amemwoa Bibi huyu majuzi tu. Mfereji ulipofika nusu, vita vikawaita. Kijiko aliegemeza jembe mlangoni akamwambia mkewe, "Lisipate kutu, nakuja kumalizia."

Hakurudi hata mmoja, wala hakuna maiti iliyoletwa. Mama zao, wake zao na dada zao ndio waliomalizia mfereji, na Bibi alichimba kwa jembe lile lile.

Siku maji yalipofika, mwashi wa kijiji alijenga birika la jiwe lenye bomba, na juu yake akasimamisha msalaba, ndipo pakaitwa Chemchemi ya Msalaba. Majina ya vijana wale hakuyaweka juu. Aliyachonga chini, pale anapoinama mchota maji, tena akachonga yale ya utani, maana alisema mtu huitikia jina la nyumbani kwao. Tangu hapo kopo la kwanza halipelekwi nyumbani. Humwagiwa majina, yakasuguliwa kwa kiganja, ndipo ndoo ijazwe. Bibi husema, "Wenzangu wana makaburi ya kwenda. Mimi nina bomba."

MAFANIKIO

Chemchemi hii haijakauka. Hata maji yalipoingia majumbani, watu hawakuacha kuja. Hapa tumegombana na kupatana, na wengine wetu tumeposwa hapa hapa ndoo ikiwa kichwani. Hata mlevi wetu mmoja, ambaye hatutamtaja kwa kuwa ndiye anayepiga makofi kule nyuma, hunywa baada ya kumwaga kopo lake.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, mapenzi yametuponza. Kwa kuyasugua majina miaka yote hiyo, tumeyafuta. Tulipoomba msaada tulisema tu kwamba msalaba umechakaa. Ofisi yako ilitusikia upesi, na tunashukuru kwa moyo wote kwa msalaba mpya wa marumaru uliofunikwa kitambaa kule barabarani. Ni mzuri. Umeandikwa "Mashujaa Wetu", bila majina, kwa sababu hayakusomeka. Huu wa zamani tumeambiwa utavunjwa kesho uwe kifusi, na birika lizibwe.

Mhandisi alipokuja kupima aliuliza kwa ukali kidogo, "Nani ameharibu maandishi haya?"

Bibi akasimama. "Ni mimi, baba. Nilikuwa namnawisha mume wangu."

Mhandisi alikunja futi yake akaondoka.

Jina la Kijiko ndilo lililofutika kuliko yote. Jicho haliambulii kitu. Bibi huyajua yote kwa vidole, na sasa ni yeye peke yake anayeyajua. Mwaka huu ameanza kuja bombani kwa kushikwa mkono. Hilo linatuuma, nasi hatuwezi kulificha.

MAOMBI

Ya barabara na zahanati tumeyaacha makusudi, ombi hili lisije likafunikwa na wenzake. Msalaba mpya ubaki barabarani, tutaufagilia na kuutunza. Wa zamani uachwe juu ya maji yake. Na fundi aliyeleta marumaru, aliye hapa na patasi zake, aruhusiwe kukaa nasi alasiri hii. Bibi ataweka kidole, naye achonge upya hapo hapo kilipopita.

Kabla hujakata utepe, tunakuomba ushuke birikani. Kopo analo Bibi, atakupa. Mwagia jina lolote, naye atakuambia lilikuwa la kijana gani na alichekeshwa na nini. Ila la Kijiko ametusihi tumwachie. Anangoja jibu lako, ili yeye mwenyewe akamwambie mumewe.

Mungu akupe safari ya salama, na ufikapo kwako ukute mlango wazi na mtungi umejaa.

Ni sisi,
Wachota Maji wa Chemchemi ya Msalaba