Safari za Tata Numbi Ngoy Kuitafuta Chevrolet ya Baba Yake

Tunayemlaza leo ni Tata Numbi Ngoy, aliyezaliwa Kapata, mtaa wa Kolwezi, tarehe 9 Machi 1966, kifungua mimba wa Tata Ngoy Mukuna, karani wa mgodi, na Mama Agnès. Alianza shule palepale Kapata.

Mei 1978, vita ilipoingia Kolwezi, baba yake alimpakia jirani aliyepigwa risasi katika Chevrolet yake, Bel Air ya 1957, akashika barabara ya Likasi. Hakurudi, wala motokari haikurudi. Mama Agnès aliendelea kumwekea mumewe sahani mezani hadi mvua zilipoanza, kisha akaacha.

Numbi aliacha masomo ya sekondari mwaka 1983, akajifunza ufundi wa bodi za magari katika gereji moja ya Manika. Kazi hiyo aliifanya hadi nguvu zilipomwishia. Mwaka 1991 alifunga ndoa na Mama Blandine, na mtoto wao wa kwanza akawa Stéphanie.

Kila aliposikia kuna Bel Air mahali, alipanda basi akaenda. Aliamini ilipo motokari ndipo penye habari za baba. Lubumbashi alikuta ya milango minne; ya baba ilikuwa na miwili. Kasumbalesa ilikuwa ya milango miwili kweli, lakini yenye nguzo kati ya dirisha la mbele na la nyuma. Ya baba, ukishusha vioo, ubavu wote ulibaki wazi. Ya Likasi haikuwa hata Bel Air. Ilikuwa 210, dada yake wa bei nafuu, iliyobandikwa herufi zisizo zake: ubavuni nyuma, kati ya mistari ya kromu, palikuwa na rangi tupu badala ya bati la alumini. Kila mara alirudi, akavua viatu.

“Haiko yetu,” alimwambia mkewe. Asubuhi alikwenda kazini.

Agosti 2014 alifika Fungurume, mji aliokuwa akiupita katika safari hizo zote. Nyuma ya nyumba ya Mama Mwamini, mjane wa mchuuzi Asani, ilikuwapo Bel Air ya milango miwili, isiyo na nguzo. Ubavu wa kulia ulikuwa na bati lake. Wa kushoto ulipakwa rangi tu, kwa maana baba yake aliwahi kuukwaruza kwenye lango la kanisa, na bati jingine halikupatikana. Numbi alipapasa pale, kisha akauliza nani aliileta.

“Huyo tata alifika na damu,” Mama Mwamini alimwambia. “Mwenzake alikuwa amekwisha kufa. Naye hakufikisha jioni. Jina yake hatukuyua. Tulibazika wote wawili. Motoka, bwana yangu alikataa kuiuzisha. Alisema, ‘Mwenyewe atakuya.’”

Akampeleka makaburini.

Aliporudi Kolwezi, Mama Blandine alimuuliza, “Na motoka?”

“Nimeiacha kwa Mama Mwamini. Mi sikukuwa natafuta motoka, Mama Stéphanie. Nilikuwa natafuta tata yangu.”

Alilala hadi kesho yake mchana, na hakuna aliyemwamsha.

Mwaka 2022 mapafu yalianza kumsumbua. Alitibiwa, akapata nafuu, akaanguka tena. Alifariki hospitalini Kolwezi tarehe 3 Juni 2025. Ombi lake la mwisho lilikuwa moja, na ndilo lililotuleta hapa Fungurume: shimo lake limechimbwa kando ya lile la baba yake.

Ameacha mjane, Mama Blandine. Watoto Stéphanie, Mulumba na Falonne. Na wajukuu wanne.

Bwana ampokee, naye apumzike kwa amani, yeye na baba yake.