Siku Niliyoamriwa Kuvua Koti Mwenyewe Mbele ya Madaktari

Siku ile, katika chumba kimoja cha hospitali kule Mbeya, walikuwepo daktari mnene wa Kizungu, daktari mwembamba mwenzake, karani wa kutafsiri, mdogo wangu wa kike, na mimi. Majina yao nayaacha, ndugu zangu, maana hawakunituma niwatangaze kanisani. Lakini mjue kwamba mle ndani nilikuwa na msaidizi mmoja tu, na huyo nilikaribia kumfukuza.

Wengi wenu hapa Kihesa mnanijua. Wazazi wetu walifariki mimi, mtoto wao wa kwanza, nikiwa darasa la tatu. Nikaacha shule nikashika jembe. Mdogo wangu wa kike alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, na wa mwisho, wa kiume, alikuwa bado anabebwa mgongoni na bibi. Vita ilipokuja nikaingia jeshini, kwa sababu jeshi lilikuwa linalipa na bibi alikuwa amechoka. Nikapelekwa Burma. Huko bomu lilianguka karibu yangu, na nilipopata fahamu nyonga ilikuwa imejaa vipande vya chuma. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole vyake vyote, lakini havishiki kitu.

Nikarudi nyumbani. Serikali ikanipa malipo ya kilema, yale madogo, ya mtu ambaye inasemekana bado anaweza kufanya kazi. Yapo malipo mengine, ya kilema kamili cha kudumu, ya mtu asiyeweza tena kujitafutia. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaomba, na kila nilipoitwa kupimwa niliyakosa.

Sasa sikilizeni nilikuwa nayakosaje. Askari wa zamani mlioko kule nyuma mtanielewa, na mcheke tu, nimewaruhusu. Jeshini tulifundishwa kwamba askari anakwenda mbele ya daktari akiwa safi, na akiulizwa hali anajibu, "Mzima, afande!" Aliyejifanya mgonjwa alichapwa. Basi kila siku ya kupimwa, mdogo wangu alianza kazi alfajiri. Anapiga pasi koti langu la jeshi. Ananivalisha, ananifunga vifungo, ananivisha viatu alivyovisugua mpaka vinang'aa. Halafu anaikaza nyonga kwa kipande kirefu cha kaniki, ili mguu usitetemeke. Naingia, nakakamaa, napiga saluti kwa mkono huu huu mbovu, maana kuinuka unainuka.

"Hali yako?"

"Mzima, bwana!"

Safari moja karani alinitafsiria huku anacheka: "Daktari anasema una afya kumshinda yeye." Nami nikafurahi! Nikatoka nje kifua mbele, na rafiki yangu niliyepigana naye Burma akaniuliza imekuwaje. Nilipomwambia, akashika kichwa. "We bwana, umesimama kama mlingoti wa bendera, wakulipe kilema cha nini? Cha masharubu?"

Sikumsikiliza. Nilidhani ananionea wivu.

Kisha ukaja mwaka ambao mahindi yetu yalikauka yakiwa bado hayajabeba. Mdogo wangu wa kiume alikuwa shule ya kati, na alikuwa na akili kweli kweli. Akarudi likizo, akatazama ghalani. Jioni akaniambia, "Kaka, lori la kuchukua watu wa mashamba ya mkonge linapita mwisho wa mwezi. Nitajiandikisha."

"Utamaliza shule kwanza."

"Kwa karo ipi, Kaka?"

"Nimeitwa tena Mbeya kupimwa."

"Na utawaambia nini? Kwamba u mzima?"

Ndugu zangu, nawaambia, bomu la Burma sikulisikia lilipokuja. Hilo nililisikia. Mimi niliacha shule ili hawa wawili wasome. Wa kike hakusoma kabisa, na sasa wa kiume alikuwa anakwenda kukata mkonge.

Mdogo wangu wa kike akaweka chungu chini. "Safari hii nakwenda na Kaka."

"Mwanamke atafanya nini mbele ya madaktari wa jeshi?"

"Atakuvalisha. Au utavalishwa na karani?"

Tukapanda lori la mizigo pale Iringa mjini, tukakaa juu ya magunia, baridi ikatupiga mpaka Mbeya. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, ambaye hakutujua hata kidogo, alitukuta sokoni tukitafuta pa kulala akatupeleka kwake. Mke wake alichemsha maji, mdogo wangu akanikanda nyonga. Asubuhi akanivalisha kama kawaida, lakini kaniki hakunifunga.

"Umesahau kaniki," nikamwambia.

"Sijasahau."

Tulipoitwa, akaingia nyuma yangu. Karani akamzuia. "Mama, subiri nje." Akajibu, "Mimi si mama, ni mdogo wake," akapita. Nikakakamaa, nikapiga saluti, nikasema, "Mzima, bwana!" Mguu ukaanza kutetemeka. Daktari mnene akaanza kuandika.

Mdogo wangu akasema, "Bwana Karani, mwambie daktari amwamrishe avue koti. Lakini avue mwenyewe."

Nikamgeukia kwa hasira. "Toka nje!"

"Sitoki, Kaka. Leo utanisamehe."

Daktari mwembamba akauliza anasemaje, karani akatafsiri. Daktari yule akaweka kalamu chini, akaniashiria: vua.

Nikaanza na kifungo cha juu. Vidole vikateleza. Nikajaribu kwa kushoto, lakini koti lilikuwa limekaza, na nilipoinama nyonga ikanikata nikashika meza. Jasho likanitoka katika baridi ile ya Mbeya. Kifungo kimoja, jamani! Kisha nikaanza kulia, mimi askari, mbele ya Wazungu wawili na karani, na mdogo wangu naye analia lakini hakusogea kunisaidia.

Daktari mwembamba akauliza, "Nani amemfunga vifungo?"

"Mimi," akasema mdogo wangu. "Na viatu, mimi. Na chakula namkatia mimi. Namwinua kitandani tangu atoke vitani."

"Kwa nini hukutuambia haya miaka yote?" daktari akaniuliza mimi.

"Bwana, mliniuliza hali. Askari anajibu hivyo."

Yule daktari alizunguka meza, akanishika bega, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Wakanipima upya, kidole kwa kidole. Walipomaliza, karani hakucheka. Alisema polepole, "Wameandika kilema kamili. Cha kudumu."

Lori la mkonge lilipita Kihesa likakuta mdogo wangu wa kiume amesharudi shuleni. Leo yuko chuo cha ualimu.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi mliotulimia shamba bila kuombwa, rafiki yangu mwenye ulimi mkali, na nyumba ile ya Mbeya. Na wewe uliyekaa hapo leo na shida yako umeipiga pasi na kuifunga vifungo, nakusihi: mbele ya mtu anayeweza kukusaidia, usikakamae. Mwache aone.

Mdogo wangu wa kike ameolewa jirani tu, yule pale, ameficha uso. Umri wa wenzake kujifunza kusoma, yeye alikuwa ananivisha viatu. Sasa kila Jumapili mchana anakuja kwangu, nashika chaki kwa mkono wa kushoto, namfundisha hayo machache niliyoyapata mpaka darasa la tatu. Akikosea ananigombeza mimi. Tumefika ukurasa wa pili, na kitabu ni kinene.